Shingo ya Mama

Singida Mjini
14 Februari 1993

Dada Theodora,

Shikamoo. Mama hajambo, mbuzi wawili wamezaa, mahindi ya Mwankoko yameanza kunyauka lakini mtama unavumilia. Hayo ndiyo ya nyumbani. Sasa sikiliza yangu.

Habari ulishazisikia. Desemba walisoma orodha ya waliopunguzwa kazini na jina langu lilikuwa la nne. Miaka tisa nimewashika wagonjwa mabega wakijifunza kutembea kwenye chumba cha mazoezi ya viungo, halafu karatasi moja inaniambia asante, nenda. Nilikaa nyumbani wiki tatu bila kunyoa ndevu. Mama akaniambia, "Damiani, waliopunguza kazi hawakupunguza mikono yako." Neno hilo likaniingia.

Siku hizi kila kitu ruksa, dada. Hata hospitali za watu binafsi zimeruhusiwa. Nimekata leseni ya biashara, nimepanga chumba nyuma ya duka la Mansuri, yule anayeuza viatu vya mitumba karibu na stendi, na nimeandikisha kibao: TIBA YA MGONGO, SHINGO NA NYAYO. Ungeona benchi langu asubuhi! Wapagazi wanaobeba magunia ya vitunguu, madereva, walimu waliopinda kwa kusahihisha madaftari. Mzee Mselemu alikuja akilia kisigino. Kila akishuka kitandani ni kama anakanyaga msumari. Nikaangalia viatu vyake: soli imekwisha kabisa, vidole vimebanwa mbele. Nikamfundisha kuuvuta unyayo kwa kitambaa kabla hajasimama, nikamkataza kutembea pekupeku kwenye saruji, na Mansuri akamtafutia kiatu kipana. Juzi ameniletea jogoo.

Nimeanza pia kunyoosha pingili za mgongo na shingo. Unamkumbuka yule mtaalamu mgeni aliyekaa misheni miezi mitatu mwaka wa themanini na tisa? Mimi ndiye niliyekuwa namtafsiria wagonjwa. Nilimwona kwa macho yangu akigeuza shingo ya mtu, ko! Aliyeingia amejipinda akatoka amenyooka. Mikono yangu inakumbuka kila alichofanya.

Watu wananiita daktari. Mwanzo nilikuwa nakataa.

Mama bado anabeba ndoo kichwani na shingo inamuuma. Nitamshughulikia mwenyewe.

Mdogo wako,
Damiani

*

Zahanati ya Rungwa
3 Machi 1993

Mdogo wangu Damiani,

Marahaba. Barua yako imekuja na lori la asali, imelowa pembeni lakini inasomeka. Nimefurahi. Hiyo ya kisigino cha Mzee Mselemu nimewasomea hata wagonjwa wangu hapa barazani.

Lakini endelea kuwaambia wewe si daktari. Na jambo la pili ni kubwa zaidi. Yule mgeni alisoma miaka mingi kabla ya kuruhusiwa kugusa shingo ya mtu. Wewe ulimtazama miezi mitatu. Ndani ya mifupa ya shingo kunapita mishipa ya damu inayokwenda nyuma ya ubongo. Huioni, na mkono wako hauwezi kuisikia. Shingo ikande taratibu, iwekee kitambaa cha maji ya moto, mfundishe mtu kulala na kubeba. Usiizungushe kwa ghafla. Nimekuandikia hilo kama muuguzi. Sasa nalirudia kama dada yako: usiizungushe.

Huku warina asali wanaanguka mitini. Mwezi uliopita Lazaro alianguka, wenzake wakamkalisha kwenye baiskeli na kumleta mbio kwa huruma. Mgongo ulikuwa umevunjika. Nadhani angetembea kama wangemlaza kwenye ubao na kuja naye polepole. Sasa wanamletea chakula kila siku na hawawezi kumtazama usoni.

Likizo yangu imesogezwa tena, hakuna wa kunishikia zahanati. Mwaka wa pili huu sijamwona mama. Mchukue umwangalie hiyo shingo, Damiani. Wewe upo karibu, na ana imani na wewe. Nikijua uko naye ninalala.

Theodora

*

Singida Mjini
28 Machi 1993

Dada,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara mbili. Umenikalisha chini kama enzi zile unanikagua kucha.

Mama alikuja Jumamosi. Nimemkanda, nimemwekea maji ya moto, akasinzia kwenye kiti. Nimemtafutia mtu wa mkokoteni amletee maji mara tatu kwa wiki. Anasema usiku anageuka bila kushika kichwa kwa mikono.

Kuhusu yale mengine, elewa biashara ilivyo. Mtu asiposikia ko anabaki amekaa, anauliza, "Umemaliza?" Anaona amekandwa tu, kitu ambacho hata mkewe angemfanyia. Akisikia ko anasimama anacheka, anakwenda kuwaita wenzake. Ndivyo walivyo. Mpaka sasa hakuna aliyeumia.

Usiwe na wasiwasi. Nimekusikia.

Damiani

*

Singida Mjini
19 Aprili 1993

Dada Theodora,

Shikamoo. Mama anaumwa, yupo wodini. Jumatatu ya Pasaka alianguka ghafla, akawa anatapika na kusema nyumba inazunguka. Wanasema ni kiharusi cha presha. Hajapooza mikono wala miguu lakini akisimama anaanguka upande wa kushoto, na kumeza kunamshinda. Sauti imekwenda.

Mvua ni kubwa, wanasema barabara ya Itigi imekatika sehemu mbili. Usijaribu kuja. Mimi nipo naye usiku na mchana.

Tuombe Mungu.

Damiani

*

Zahanati ya Rungwa
5 Mei 1993

Damiani, mdogo wangu,

Barua yako imechukua siku kumi na tatu. Nilitoka na begi hadi barabarani, nikakaa siku mbili nikingoja gari lolote. La kwanza lilikwama mbele ya macho yangu na kuzama hadi kwenye vioo. Nikarudi.

Sijui nikushukuru vipi. Nafikiria kama angeangukia shambani peke yake. Nafikiria kama ungekuwa bado wodini unasukuma vitanda vya watu wengine. Mungu alikuondoa kazini makusudi ili uwe karibu na mama siku ile. Nimeomba misa kwa jina lako, nikamwambia padri, mdogo wangu ndiye mikono yangu.

Niandikie kila kitu, kwa sababu kukaa bila kujua kunaniua. Presha ilikuwa ngapi? Nilipompima mara ya mwisho ilikuwa mia na kumi kwa sabini, ya msichana. Alikuwa anafanya nini alipoanguka? Alilalamika kichwa au shingo kabla? Wamempa dawa gani?

Mlishe uji mzito, sio mwepesi, ameinamisha kidevu. Mwepesi utamwingia kifuani.

Mungu akubariki. Akubariki sana.

Theodora

*

Mwankoko
22 Mei 1993

Dada Theodora,

Shikamoo. Usinishukuru. Nakuomba usiniandikie tena maneno kama yale.

Mama ametoka, nimehamia kwake. Alikuwa anainamia chungu jikoni alipoanguka. Presha ilikuwa juu siku ile, sikumbuki ngapi. Wamempa vidonge vya presha, viwili asubuhi na kimoja jioni, na nahakikisha anameza.

Umetaka kila kitu. Kope la jicho la kushoto limelegea, anaonekana kama anakonyeza. Uso upande wa kushoto una ganzi, na mwilini ganzi iko kulia, hajui moto wala baridi. Kwikwi ilimshika siku tano mfululizo. Uji anakula kama ulivyoelekeza. Ametembea hadi mlangoni akishika ukuta. Mara mbili wiki hii, asubuhi akiinuka kitandani, amezimia, mara ya pili kwa muda mrefu.

Mchana nakwenda mjini kufungua chumba, jioni narudi. Mke wa jirani, Lucy, ndiye anayemwogesha.

Nimechoka. Sina zaidi.

Damiani

*

Zahanati ya Rungwa
8 Juni 1993

Damiani,

Kabla ya yote: mtu anayezimia akiinuka, na anameza vidonge vya presha, huenda presha yake iko chini, si juu. Ukipata barua hii mrudishe mama hospitali siku hiyo hiyo wampime amelala na amesimama. Usingoje kesho.

Sasa nisikilize. Juzi alipita daktari na gari la chanjo kutoka Manyoni. Nilimsomea barua yako: kope, kwikwi, ganzi ya uso kushoto na ya mwili kulia. Alikuwa anakula, akaacha kula. Akasema hii si kiharusi cha kawaida cha presha, huu ni mshipa wa nyuma ya shingo uliochanika au kuziba. Kisha akaniuliza swali moja tu. "Kuna mtu aliigusa shingo yake?"

Nikasema hapana.

Nilisema haraka, hata nikashangaa nilivyosema haraka.

Umeniandikia alikuwa anainamia chungu. Jumatatu ya Pasaka mama hapiki, Damiani. Tangu tuko wadogo Jumatatu ya Pasaka anavaa gauni lake na kwenda mjini kusalimia watu. Alikwenda kumsalimia nani?

Nakuuliza mara moja. Sitauliza tena.

Theodora

*

Mwankoko
14 Juni 1993

Mwanangu Theodora,

Anayeandika ni katekista Bonaventura, anayesema ni mimi mama yako Yustina. Nimemwambia aandike kama ninavyosema, asinitengenezee.

Mungu akulinde na wanyama wa huko. Sauti yangu imekuwa ya chura, Bonaventura anainama hadi anakaribia kunilalia. Nakula kwa kijiko kidogo. Nikisimama dunia inanivuta kushoto. Mkono wa kulia haujui moto. Wiki iliyopita niliuegemeza kwenye sufuria, nikajua naungua kwa harufu.

Mdogo wako ananilisha, anafua, anachota maji, anafagia hata uwanja. Lakini hanitazami. Akinilisha anatazama bakuli. Nikimwita anakuja anatazama mto niliolalia.

Theodora, mimi sikuwa na presha. Nilikaa kwenye kiti chake nikiwa mzima. Nilimwambia ile mara ya kwanza alipoigeuza shingo nilipata kizunguzungu. Hakusikia, kwa sababu watu walikuwa wanatazama. Sisemi alitaka. Nasema alifanya.

(Hapa mama amepumzika kidogo. Mwandishi.)

Nimengoja aseme. Wageni wakija wananiambia pole na presha. Namtazama, yeye anatazama mlango. Mimi nimemlea, najua anavyotembea akiwa amebeba kitu. Usimwandikie kwamba nimekwambia. Nataka kitoke kinywani mwake, maana kikikaa ndani kitamwozesha. Lakini kukibeba peke yangu nimeshindwa, ndiyo maana nimekupa wewe ushike upande mmoja.

Ukipata asali nyeusi niletee. Uji hauna ladha.

Mama yako,
Yustina

*

Mwankoko
16 Juni 1993

Dada Theodora,

Shikamoo, ingawa sijui kama utaitika.

Barua yako nimeipata jana saa nne asubuhi, kwa Mansuri. Nilifunga chumba, nikaazima mkokoteni, nikamfuata mama nyumbani, nikampeleka hospitali nikiusukuma mwenyewe. Presha amelala tisini kwa hamsini na tano. Amesimama, mashine haikusoma kitu, akaniangukia. Vidonge vimesimamishwa. Leo asubuhi ameinuka na hakuzimia.

Alikwenda kunisalimia mimi.

Nilikuwa nimefungua kwa sababu sikukuu watu wa vijijini huja mjini. Benchi limejaa: Mzee Mselemu, Anifa mshona nguo, na mama mmoja aliyeshuka basi la Dodoma na mtoto mgongoni. Yule mama alikuwa anaogopa. Aliniona namgeuza Anifa shingo, akasimama akitaka kuondoka. Wakati huo mama anaingia na gauni lake la Pasaka. Nikasema kwa sauti, wote wasikie, "Usiogope dada. Huyu ni mama yangu mzazi. Tazama."

Mama akasema, "Damiani, ile ya wiki iliyopita ilinipa kizunguzungu." Ndiyo, dada, ilikuwa mara ya pili. Ya kwanza niliifanya siku nne kabla ya Pasaka, baada ya kukuandikia kwamba nimekusikia.

Nikamwambia, "Kaa mama, watu wanangoja."

Akasema, "Kizunguzungu hakijaisha vizuri."

Nikasema, "Ndiyo maana nataka kukimalizia."

Akakaa. Aliweka mikono mapajani kama mtu anayepigwa picha. Nikashika kidevu, nikashika kisogo, nikageuza. Ililia. Watu wakacheka kwa kushangaa, mama naye akatabasamu kwa ajili yao. Yule wa basi akakaa tena kwenye benchi. Halafu mama akasema polepole, "Mbona nyumba inazunguka," akatapika kwenye gauni lake.

Mzee Mselemu ndiye aliyesema tumpeleke hospitali. Mimi nilikuwa bado namwambia avute pumzi.

Pale mapokezi wakauliza imekuwaje. Nikasema ameanguka. Wakauliza ana ugonjwa wowote. Kinywa changu kikasema, "Ana presha ya siku nyingi." Sikupanga kusema hivyo, dada. Lakini nilipoona wameandika, nilipata nafuu. Hilo ndilo linalonitesa kuliko mengine, ile nafuu. Na kila asubuhi nikampa vidonge kwa mkono huu nikijua ni dawa ya uongo wangu. Alipozimia mara ya kwanza nilijua. Nikamwekea maji usoni, na kesho yake nikampa tena.

Kuna zaidi, na nikilificha hili nitakuwa sijasema kitu. Sikuacha. Baada ya mama nimegeuza shingo za watu kumi na mmoja. Kuacha kungekuwa ni kuwaambia watu kwa nini. Wakitoka wazima nilikuwa najiambia, unaona, haikuwa wewe.

Jana nimemwambia daktari yote. Hakunipigia kelele. Alifungua faili la mama, akatafuta pale palipoandikwa presha ya siku nyingi, akauliza, "Nani alisema hivi?" Nikasema mimi. Akapafuta kwa mstari, akaniambia niandike jina langu pembeni. Nikaandika. Kisha akasema ni lazima amjulishe bwana afya. Leo mchana bwana afya amekuja na kufuli lake, amefunga chumba. Sikubisha. Mansuri aliniuliza, "Kwani umefanya nini?" Nikamwambia. Akarudi dukani kwake, akawa anapanga viatu vilivyokuwa vimeshapangwa.

Nimeanza kuwatafuta wale kumi na mmoja. Nimewapata saba, wazima. Na Anifa, niliyemgeuza kabla ya mama, alifungwa mdomo na adabu: alipata kizunguzungu siku mbili, akanyamaza asinivunje moyo. Nimemwambia aende hospitali akaseme.

Mama sijamwambia kitu. Anajua, alikuwepo. Lakini sijamwambia.

Damiani

*

Zahanati ya Rungwa
27 Juni 1993

Damiani,

Lori moja limeleta barua mbili, yako na ya mama. Ya mama niliifungua kwanza. Ningependa kukuambia nilisikia kutoka kwako kwanza, lakini sivyo ilivyokuwa, na mimi na wewe tumeshamaliza uongo. Mama hakukusemea. Alisema alichofanyiwa, basi.

Nilipomaliza zote mbili nilikwenda kudunga watoto sindano, kwa sababu walikuwa kwenye foleni. Mkono haukutetemeka. Nimejichukia kwa hilo pia.

Nina langu la kusema. Yule daktari wa chanjo aliponiuliza, nilikuwa najua. Nilijua tangu uliposema kope. Na nilikuwa nimeshasoma kwamba mama anazimia. Watu wa wanyamapori hapa wana redio ya upepo. Ningeweza kwenda siku ile ile, dakika kumi kwa miguu, ujumbe ungefika hospitali kabla ya jua kuzama, mtu atumwe Mwankoko: acheni vidonge vya Yustina. Nilitoka hadi kwenye uzio wao. Nikafikiri, nikisema redioni, mkoa mzima utasikia kuhusu mdogo wangu. Nikarudi nikaandika barua. Mama amemeza vidonge vile siku tisa zaidi kwa ajili ya jina lako, na mimi ndiye niliyemmezesha.

Halafu nikukumbushe nilichokuandikia Machi. Mchukue umwangalie hiyo shingo, wewe upo karibu. Nilikuwa nakupa kazi yangu nipate usingizi.

Kwa hiyo siandiki nikiwa juu yako. Lakini sijakusamehe, na sitaki udhani kukiri ni risiti. Nilikuomba jambo moja mara mbili kwenye karatasi moja.

Nakuja. Sikungoja wa kunishikia, nimeandika tu kwamba mama ni mgonjwa na nimefunga begi. Ukiniona utaniamkia, na nitaitika, kwa sababu mama atakuwa anasikia. Usifikiri kuitika kwangu ni zaidi ya hapo.

Kabla sijafika, mwambie. Usimwambie akiwa anakula. Mwambie ukiwa unamtazama.

Theodora

*

Mwankoko
Jumapili, 21 Novemba 1993

Dada Theodora,

Shikamoo. Hii ni ya tatu tangu uondoke Septemba. Hujajibu mbili na sikulaumu. Naandika kwa sababu mama anataka ujue anavyoendelea, na kwa sababu leo kuna jambo limetokea ambalo sina mwingine wa kumwambia.

Kwanza mama. Anatembea na fimbo hadi kanisani, akipumzika mara mbili. Kumeza kumerudi, isipokuwa maji, hayo bado yanamkaba. Sauti imepanda kidogo, ameanza kunigombeza nikichelewa. Kope limebaki vile vile, na kulia bado hajui moto. Napima maji ya kuoga kwa kiwiko kabla hajayagusa. Yale mazoezi uliyomwachia ya kusimama miguu imekaribiana, anayafanya asubuhi akishika meza, na mimi nasimama nyuma.

Nalima shamba lake, na nafyatua matofali kwa watu. Wengine bado wanakuja hapa na migongo yao. Nawaonyesha kuinua gunia kwa magoti, nawaambia wapunguze mzigo, naangalia viatu vyao. Anayesema mguu unakufa ganzi au kichwa kinazunguka namwandikia jina la idara hospitali na kumsindikiza hadi barabarani. Shingo siigusi, hata mtu alie.

Wale kumi na mmoja nimewapata kumi. Dereva mmoja aliacha kazi akaenda Shinyanga. Na yule mama wa basi la Dodoma hayumo hata katika hao, nilimgeuza siku ile ile, mara tu baada ya mama, kabla hajaanza kutapika. Hilo sikukuandikia Juni. Nimemuulizia stendi mara nyingi. Hakuna anayemjua. Nitakaa nisijue.

Sasa ya leo.

Baada ya misa mama alitaka kukaa kwenye ukuta wa nje apate upepo. Wanawake wa jumuiya wakamzunguka. Unajua mpaka leo watu wengi wa huku wanasema presha. Mimi Julai, kabla hujafika, nilimwambia mama yote, alinisikiliza hadi mwisho, akasema tu, "Nilikuwepo," akageukia ukutani. Tangu hapo hatukulizungumza, hata wewe ulipokuwa hapa. Wengine sikuwaambia. Nilijidanganya kwamba namlinda yeye asisumbuliwe.

Basi mmoja akasema, "Mama Theodora, tumesikia si presha. Wanasema kuna mtu huko mjini alikushika shingo."

Mwingine akadakia, "Mganga gani huyo? Angefungwa! Kumharibu mama wa watu namna hii!"

"Na yuko wapi sasa?"

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwao, nimeshika kofia yangu. Nilifungua kinywa, dada. Naapa nilifungua. Hakikutoka kitu.

Mama akawatazama mmoja mmoja kwa lile jicho lake moja zima. Akainua fimbo akanielekezea.

"Ni huyu," akasema. "Mwanangu. Nilimwambia asifanye, akafanya."

Mwanamke aliyetaka nifungwe akaanza kufunga kitenge upya. Nikasikia kinywa changu kikisema, "Ndiyo. Ni mimi. Na hospitali nikasema uongo." Nilisema kwa sauti ambayo hata wanaume waliokuwa chini ya kengele waligeuka.

Mama akangoja nimalize. Alihakikisha nimemaliza. Kisha akaishusha fimbo, akanyoosha ule mkono wake wa kulia usiojua moto.

"Haya nipe mkono," akasema. "Jua limekuwa kali, twende nyumbani."

Tukapita katikati yao. Nilikuwa natazama chini nisimkoseshe hatua. Tulipofika njia panda akasimama kupumzika, akaniita jina langu. Nikageuka, nikamtazama. Alikuwa ananitazama.

Mdogo wako,
Damiani